Toleo la mwisho la Doom Patrol (1968): ni hitimisho la kweli au ni ombi kwa wasomaji?

Msomaji Makini ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Hivi karibuni nimemaliza kusoma mfululizo wa kwanza wa Doom Patrol, gazeti la katuni za mashujaa lililochapishwa na kampuni ya DC huko Marekani, na toleo lake la mwisho, yaani la 121 lenye tarehe ya Septemba na Oktoba 1968, limeniachia swali ambalo sijaweza kulijibu peke yangu.

Kwa wasiolifahamu kundi hili, ni watu waliopatwa na ajali zilizowanyang'anya maisha ya kawaida na kuwapa uwezo ambao hawakuuomba. Cliff Steele, dereva wa magari ya mashindano, alibakiwa na ubongo tu, ukawekwa ndani ya mwili wa chuma, naye akaitwa Robotman. Larry Trainor, rubani wa majaribio, analazimika kujifunga vitambaa mwili mzima kwa sababu ya mionzi, na ndani yake kuna kiumbe cha nishati ambacho kikimtoka kwa zaidi ya sekunde 60 yeye hufa. Rita Farr, mwigizaji wa sinema, alivuta mvuke wa volkano alipokuwa akiigiza filamu barani Afrika, akawa anaweza kuukuza na kuupunguza mwili wake apendavyo. Anayewaongoza ni mwanasayansi Niles Caulder, wanayemwita Chief, ambaye hutumia kiti cha magurudumu.

Katika toleo hilo la mwisho, Zahl, aliyekuwa kamanda wa nyambizi ya Wanazi, anashirikiana na Madame Rouge kuwanasa wote wanne kisiwani, kisha anawapa chaguo moja: ama walipuliwe wao, ama kilipuliwe kijiji cha wavuvi kiitwacho Codsville, katika jimbo la Maine, chenye wakazi 14. Nia yake haiishii kwenye kuwaua. Anataka dunia ishuhudie kwamba mashujaa nao, wakibanwa, hujiokoa wenyewe kwanza. Wanne wale wanachagua kufa, na kisiwa kinalipuliwa.

Linalonikwaza ni kwamba mhariri Murray Boltinoff na mchoraji Bruno Premiani wamechorwa ndani ya kisa chenyewe, mwanzoni na mwishoni, wakizungumza na msomaji na kumsihi aiandikie kampuni barua ikiwa anataka mashujaa hawa warudi. Sasa kifo kinachoweza kutenguliwa kwa bahasha na stempu ni kifo cha namna gani? Je, nikisome kisa hiki kama hitimisho, au nikichukulie kuwa ni ombi la biashara lililovishwa sanda? Naomba pia kujua kama kuna faida ya kusoma yaliyofuata baadaye, au niishie hapo.

---

Mzee wa Kurasa amejibu:

Ndugu Msomaji Makini, swali lako ni zuri, ila umeyaweka mambo mawili kwenye mizani kana kwamba moja likipanda jingine halina budi kushuka. Mimi naona kisa hiki ni hitimisho na ni ombi kwa wakati mmoja, na ombi lenyewe lilikuwa dhaifu kuliko linavyoonekana.

Tukumbuke kwanza jinsi magazeti haya yalivyouzwa. Mwaka 1968 maduka maalumu ya vitabu vya katuni hayakuwa yameenea kama ilivyokuja kuwa baadaye. Nakala moja iliuzwa kwa senti 12 kwenye vibanda vya magazeti na madukani, na zile zilizododa muuzaji alikuwa na haki ya kuzirudisha na kurejeshewa fedha zake. Kwa utaratibu huo, mchapishaji hakuweza kujua mauzo halisi ya toleo fulani hadi miezi kadhaa ipite, na kufikia wakati huo matoleo mengine yalikuwa yameshaandikwa, yameshachorwa na yameshapelekwa kiwandani. Uamuzi wa kufuta mfululizo ulitegemea hesabu za nyuma, si mapenzi ya wasomaji wa siku ile. Mtoto aliyenunua toleo la 121, akalia, akaandika barua na kuituma siku hiyohiyo, barua yake ilifika katika ofisi ambayo ilikuwa imeshaamua. Boltinoff alikuwa mhariri wa siku nyingi na alizijua taratibu hizo, kwa hiyo sidhani kwamba aliamini stempu zingeokoa chochote.

Ndiyo sababu mifululizo mingi iliyofutwa zama hizo haikupata mwisho wowote. Chukua mfano wa X-Men ya Marvel, kampuni iliyoshindana na DC, ambayo toleo lake la 66, la Machi 1970, lilikuwa na kisa cha kawaida tu cha kukabiliana na Hulk. Baada ya hapo, kuanzia toleo la 67, gazeti likarudia hadithi za zamani hadi mwaka 1975. Hakuna aliyeagwa. Mfano mchungu zaidi ni Omega the Unknown, pia ya Marvel, iliyosimamishwa mwaka 1977 kwenye toleo la 10, shujaa akiwa amepigwa risasi na polisi mjini Las Vegas. Waliotaka kujua kilichofuata walisubiri hadi mwaka 1979, tena wakapewa majibu hayo katika gazeti jingine kabisa, The Defenders, kwa kalamu ya mtu ambaye hakuwa miongoni mwa walioianzisha hadithi. Ukisoma Omega hadi ukurasa wa mwisho unabaki na hisia ya kufungiwa mlango usoni.

Mwandishi Arnold Drake alifanya kinyume chake. Alijua mapema kwamba mfululizo unafungwa, akaitumia nafasi hiyo kuwaua wahusika wake wakuu wote wanne kwa pamoja, jambo ambalo katika magazeti ya mashujaa wa wakati ule lilikuwa halijazoeleka hata kidogo. Kama lengo lingekuwa barua tu, kulikuwa na njia rahisi zaidi: wangeachwa wananing'inia kwenye ukingo wa jabali, nasi tungeambiwa tuandike ikiwa tunataka kujua kama walianguka. Badala yake walipewa uamuzi wa kufanya, wakaufanya, na uamuzi huo ukatekelezwa. Kisa kingeweza kusimama hata kama kurasa za mhariri na mchoraji zingechanwa.

---

Wino Mweusi amejibu:

Mzee wa Kurasa, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu taratibu za mauzo, lakini hapo kwenye kurasa za kuchanwa tunaachana njia, kwa sababu kwangu mimi kurasa hizo zina historia ambayo bila kuijua mtu hawezi kulielewa toleo zima.

Tazameni ni nani amechorwa na ni nani hakuchorwa. Mhariri yumo, mchoraji yumo, lakini mwandishi aliyewabuni watu hawa pamoja na Bob Haney na Premiani mwaka 1963, na ambaye ndiye aliyeandika kisa cha kufa kwao, hayumo. Kwa maelezo ya Drake mwenyewe, nafasi aliyochorwa Boltinoff ilikusudiwa kuwa yake yeye. Ilibadilishwa kwa sababu alikuwa ameacha kazi DC baada ya mzozo wa malipo na kuhamia Marvel, na hata hati ya toleo hilo alikubali kuimalizia kwa ajili ya urafiki wake na Boltinoff tu. Katika miaka hiyo Drake alikuwa miongoni mwa waandishi wa muda mrefu wa kampuni hiyo waliokuwa wakidai malipo bora na bima ya afya, na madai yao hayakupokewa vizuri. Kwa hiyo tunapomwona mhariri akituangalia kutoka kwenye ukurasa na kutuomba tuwaokoe mashujaa, tunamwona amekaa kwenye kiti cha mtu aliyeondoka huku akidai haki yake. Mwandishi wa kifo hicho hakualikwa mazikoni.

Nikiwa na jambo hilo kichwani, siwezi kukisoma kisa cha Codsville kama kisa cha ujasiri tu. Watu wanne wanaambiwa kwamba thamani yao inapimwa hadharani dhidi ya watu 14 ambao hakuna anayewajua, na anayeshika mizani ni mtu mwenye nguvu aliyekwisha kuamua kwamba kila mtu ana bei yake. Huenda ninasoma zaidi ya kilichoandikwa, lakini mwandishi aliyeandika ukurasa ule alikuwa katika mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa bei yake.

Sasa kuhusu Premiani, ambaye husahaulika katika mijadala hii, nami ninayechora kidogo kwa kujifurahisha sitaki asahaulike tena. Alizaliwa Trieste mwaka 1907, akaondoka Italia kwa sababu ya michoro yake iliyoupinga utawala wa Mussolini, na sehemu kubwa ya maisha yake akaishi Argentina. Sidai kwamba ndiye aliyependekeza adui wa mwisho awe Mnazi, kwa kuwa hadithi ni ya Drake. Ninachosema ni kwamba mkono uliomchora Zahl ulikuwa wa mtu ambaye ufashisti ulimtoa kwao, na hilo si jambo dogo. Mtindo wake nao ulisaidia. Wachoraji wengi wa mashujaa wakati ule walijaza misuli mpaka mavazi yakaonekana kama ngozi ya pili. Premiani alichora nyuso za watu wazima unaoweza kukutana nao benki, wenye mashavu, mikunjo na uchovu. Hata Robotman, ambaye uso wake ni bati, anamchora akiwa ameinamisha kichwa au ameshusha mabega kwa namna inayokueleza kwamba ndani mna mtu. Ndiyo maana wanapofika kwenye uamuzi wao, mchoro haupigi makelele. Wamesimama tu kama watu waliokwisha kukubaliana.

Kando kidogo: Drake alipofika Marvel alipewa kuandika X-Men, kundi la watu waliotengwa na jamii wanaoongozwa na mwanamume msomi aliye kwenye kiti cha magurudumu. Doom Patrol walitokea kwanza katika toleo la 80 la My Greatest Adventure, lenye tarehe ya Juni 1963; X-Men wakafuata katika gazeti lenye tarehe ya Septemba mwaka huohuo. Miezi mitatu ni michache mno kwa kuiga kitu kilichokwisha kufika sokoni, ingawa Drake mwenyewe katika uzee wake alionyesha kuwa na shaka. Mimi huamini kwamba ni sadfa, lakini sadfa hiyo kumpokea kazini baada ya kuwazika wale wake ni jambo ambalo mtunzi wa riwaya angeliogopa kwa kuonekana la kutunga.

---

Tunu amejibu:

Mzee wa Kurasa, shikamoo. Ndugu Wino, habari za siku. Nimewasoma wote wawili kwa makini, na naona hakuna aliyejibu nusu ya pili ya swali, nayo ndiyo nusu iliyonivuta mimi: je, aishie hapo?

Barua hazikuwarudisha, hilo ni kweli. Mwaka 1973 DC ilitoa matoleo matatu, la 122 hadi la 124, yaliyokuwa marudio ya hadithi za zamani tu, kisha kukawa kimya. Mwaka 1977, katika toleo la 94 la Showcase, gazeti jingine la DC, mwandishi Paul Kupperberg na mchoraji Joe Staton walileta kundi jipya lenye jina lilelile, na hapo ndipo ilipoelezwa kwamba Robotman alinusurika mlipuko. Maelezo hayo yanakubalika kwa kiasi fulani, kwa kuwa mwili wake ni wa chuma na umewahi kuvunjwavunjwa mara nyingi tangu mwanzo. Tatizo ni yale yaliyofuata mfululizo ulipoanzishwa upya mwaka 1987, kwani taratibu ilionekana kwamba Larry naye alipona, na Chief naye alipona. Kati ya wanne, ni Rita peke yake aliyeachwa kaburini kwa muda mrefu, hadi mwaka 2004 John Byrne alipoanza upya kana kwamba hakuna lililowahi kutokea kabla yake. Mtu akiwatazama kwa mpangilio huo anaona kwamba dhabihu ya watu wanne ilipunguzwa ikawa ya mwanamke mmoja, na hilo limenikera kwa miaka, hata pale ninapozipenda hadithi zenyewe.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo singependa uyakose, ndugu Msomaji. La kwanza limo katika The New Teen Titans, gazeti jingine la DC la mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez, toleo la 13 hadi la 15, mwishoni mwa mwaka 1981 na mwanzoni mwa 1982. Rita alikuwa ameolewa na tajiri Steve Dayton katika toleo la 104 la Doom Patrol, nao wakamlea kijana Gar Logan, anayejulikana kwa jina la Beast Boy. Gar na Dayton hawakuwamo katika kisiwa kile. Kwa hiyo kuna mume aliyefiwa na mke, na kuna yatima aliyefiwa mara ya pili, na wauaji wako hai. Wolfman aliiona deni hiyo na kuilipa: Robotman na Gar wanakutana tena na Zahl na Madame Rouge, nao wote wawili wanakufa. Kwangu mimi hicho ndicho kipande pekee cha baadaye kinachosoma toleo la 121 kwa heshima, kwa sababu hakimfufui mtu bali kinauliza waliobaki waliishije.

La pili ni gumu zaidi. Mwandishi Grant Morrison aliandika ule mfululizo wa Doom Patrol ulioanzishwa mwaka 1987, kuanzia toleo la 19, mwaka 1989, hadi la 63, mwanzoni mwa mwaka 1993, na karibu na mwisho wa kipindi chake alifichua kwamba ajali za Cliff, Larry na Rita hazikuwa ajali. Chief ndiye aliyezipanga. Drake hakuandika hivyo wala hakuna dalili yake katika hadithi za awali. Lakini ukishalijua, ukarudi kisiwani, utamwona mzee yule kwenye kiti chake akiwauliza wenzake kama wako tayari kufa, akiwa na siri ambayo wao hawakuijua mpaka wanalipuliwa. Wengine husema Morrison alikiharibu kisa. Mimi nasema alikifanya kiwe cha watu watatu wasio na hatia na mmoja mwenye deni, na kwamba uamuzi wa wale watatu umekuwa mzito zaidi kwa sababu walimwamini.

Kwa hiyo kuhusu swali lako la kwanza nasimama na Mzee wa Kurasa kwa sababu tofauti na yake. Si muhimu kama mhariri aliamini ombi lake. Cliff, Larry na Rita hawakujua kwamba kuna barua. Zahl aliwawekea mtego uliojengwa juu ya imani kwamba hakuna mtu anayekufa kwa ajili ya asiyemjua, na wao wakaubomoa bila ahadi ya kurudi. Anayejua kuhusu barua ni msomaji peke yake.

---

Msomaji Makini amejibu:

Shikamoo Mzee wa Kurasa, na ahsanteni sana Wino na dada Tunu. Hoja ya kwamba uamuzi ulishapita kabla barua hazijaandikwa sikuwa nimeifikiria, na imebadilisha jinsi ninavyomwona Boltinoff kwenye ukurasa ule: nilimwona kama mchuuzi, sasa namwona kama mtu anayesema jambo la adabu msibani.

Bado nina ugumu na hoja ya Tunu kuhusu Chief. Kama mwandishi wa kwanza hakukusudia siri ile, kwa nini tumpe mwandishi wa pili ruhusa ya kubadilisha uzito wa kifo ambacho hakukiandika? Wino ametuonyesha kwamba Drake aliondolewa kwenye ukurasa wake mwenyewe mwaka 1968. Naona kama kumsoma Chief kwa macho ya Morrison ni kumwondoa mara ya pili.

---

Tunu amejibu:

Ndugu yangu, hapo umenibana, na sitajifanya sikubanwa. Nitakachosema ni kwamba Drake hakuwa na haki juu ya wahusika wale kisheria hata siku moja. Walikuwa mali ya kampuni tangu toleo la 80, na ndiyo sababu wangeweza kufufuliwa na yeyote bila yeye kuulizwa. Morrison alizitumia kanuni hizohizo ambazo Drake alizikimbia. Tofauti ninayoiona ni kwamba Morrison alisoma kwa makini kabla ya kubadilisha, ilhali waliomfufua Chief kabla yake walihitaji tu mtu wa kukalia kile kiti.

---

Mzee wa Kurasa amejibu:

Marahaba, wanangu. Kwa kuwa Msomaji Makini aliuliza pia aishie wapi, nitatoa mpangilio wangu, na Tunu anaweza kunipinga. Soma juzuu ya tano ya The Doom Patrol Archives, vitabu vilivyokusanya matoleo ya zamani, ambayo ndiyo inayofikia toleo la 121, lakini rudi kwanza kwenye kisa cha harusi katika toleo la 104, kwa sababu bila kumjua Dayton hutaelewa ni nani aliyefiwa. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwenye yale matoleo matatu ya Teen Titans. Yale ya 1973 yaruke. Ni marudio ambayo umeshayasoma. Showcase ya 1977 isome ukipenda, kwa ajili ya Robotman. Morrison mwache hadi mwishoni kabisa, na usimsome kwa haraka, na kwa heshima ya Wino usimsome kabla hujaamua mwenyewe unamwonaje yule mzee wa kwenye kiti cha magurudumu.